Roboti Haikai Kabatini: Nipe Sensa ya Mia Mbili

Niseme tu vile iko. Shida ya roboti hapa Kenya si pesa pekee. Pesa ni sehemu ya shida, na nitafika huko, lakini shida kubwa ni hii imani tumelishwa kwamba roboti ni kitu cha kununuliwa. Unangoja mfadhili. Unangoja shule iletewe seti kwa sanduku lenye picha ya mtoto wa majuu akicheka. Unangoja mjomba arudi na begi. Unangoja mpaka unamaliza kidato cha nne, na bado unangoja.

Mimi nasema hivi: sensa ya karibu shilingi mia mbili, ile yenye macho mawili ya rangi ya fedha, itakufunza uhandisi kuliko seti ya makumi ya maelfu iliyofungiwa kabatini. Na si kwa sababu hiyo sensa ni kali. Ni kwa sababu inadanganya, na inadanganya mbele yako ukiona.

Kabla mtu aanze: sensa hapa si ile ya kuhesabu watu. Vitabuni inaitwa kihisi. Lakini wewe enda Luthuli Avenue uulize kihisi, uone vile utaangaliwa.

Tuanze na hilo kabati. Nimezunguka shule kadhaa nikirekodi video, na kuna moja, sitaitaja, ina seti ya roboti ya maana kweli. Iko nyuma ya kioo, na kufuli juu yake. Nikauliza, "Mwalimu, naweza kuona wanafunzi wakiitumia?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Hiyo tunaitoa siku ya wazazi." Simlaumu. Kipande kimoja kikipotea, yeye ndiye ataandika barua ya kujieleza. Lakini hebu fikiria: kuna vijana wanasoma sayansi hapo miaka mitatu, minne, na roboti wanaijua kwa mfuniko wake.

Na hata siku ikitolewa, wanafunzwa nini? Unachomeka sensa kwa tundu lake, unavuta kibox cha rangi kwa skrini, namba inatokea: 20. Safi. Hakuna anayeuliza hiyo 20 imetoka wapi. Kila kitu kimefungwa ndani ya plastiki. Hata waya ina kichwa chake maalum ambacho hakiingii kwa kitu kingine duniani. LEGO walipoacha kuuza seti yao ya EV3 mwaka 2021, waliokuwa nazo walibaki wakitafuta waya na sensa za kubadilisha kama mtu anayetafuta spea za gari ambalo halitengenezwi tena. Hiyo ndiyo maana ya kumiliki kitu usichokielewa. Mwenye kiwanda akiamka vibaya, wewe umeisha.

Sasa weka hiyo kando. Chukua HC-SR04, hiyo yangu ya mia mbili. Ina pini nne tu: moja ya umeme wa volti 5, moja ya ardhi, moja inaitwa Trig na moja inaitwa Echo. Yale macho mawili si macho. Moja ni mdomo, lingine ni sikio. Ukiigusa Trig kwa maikrosekunde 10, mdomo unapiga kelele: mawimbi 8 ya sauti, kwa kasi ya mitetemo 40,000 kwa sekunde. Wewe husikii kitu, kwa sababu sikio la binadamu hukata karibu 20,000. Sauti inaenda, inagonga ukuta, inarudi. Pini ya Echo inasimama juu kwa muda wote ambao sensa inangoja mwangwi. Kazi yako ni kupima huo muda. Ni ile ile mbinu ya popo gizani.

Hesabu ni ya darasani kabisa. Kwenye joto la digrii 20, sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Imeenda na kurudi, kwa hivyo unagawa kwa mbili. Ukifupisha, kila maikrosekunde 58 ni sentimita moja. Echo ikisimama kwa maikrosekunde 1,160, kizuizi kiko sentimita 20 mbele. Hiyo ndiyo 20 ambayo kile kisanduku cha rangi kilikuficha. Umeona? Si uchawi. Ni fizikia ile ile ulikuwa unalalia.

Na hiyo 58 nayo si neno la Mungu. Kila digrii moja ya joto inaongeza kasi ya sauti kwa karibu mita 0.6 kwa sekunde. Asubuhi ya Julai Nairobi ikiwa na digrii 17, halafu mchana wa Mombasa digrii 32, hiyo ni tofauti ya karibu mita 9 kwa sekunde. Kwa ukuta ulio mita mbili mbele, vipimo vitapishana kama sentimita 5. Kuna mtu huwa anarukia hapa akisema ni kwa sababu Nairobi iko juu. Hapana. Hewa kuwa nyepesi haibadilishi mwendo wa sauti. Joto ndilo linabadilisha. Umepata somo la fizikia na la jiografia kwa kitu cha mia mbili, na roboti bado haijasonga.

Lakini hapo si ndipo utamu uko. Utamu uko kwa uongo.

Weka hiyo sensa mbele ya pazia. Ama blanketi, ama sweta ya shule, ama godoro la sponji. Kitambaa kinameza sauti. Mwangwi unarudi ukiwa dhaifu ama haurudi kabisa, na sensa inakuambia njia iko wazi, endelea tu kiongozi.

Weka mbele ya ukuta, lakini ukuta ukae mshazari. Sauti inaruka kando kama mpira wa meza ya pool, hairudi nyumbani. Sensa tena: njia iko wazi. Roboti yako itaenda kugonga ukuta wa mawe kwa confidence ya mwanasiasa.

Weka mbele ya mguu wa stuli. Mguu ni mwembamba na wa mviringo, unarudisha sauti kidogo sana. Na mwale wa sensa ni kama tochi nyembamba, digrii 15 hivi, kwa hivyo kitu kikikaa kando kidogo ama juu kidogo, hakipo. Sasa ongeza sensa ya pili uzipige kelele kwa wakati mmoja. Moja itasikia mwangwi wa mwenzake na kudhani ni wake. Ni kama kupigiwa simu kwa matatu halafu watu watano wanaangalia mifuko yao.

Na uongo mkubwa kuliko yote, ule ambao ukiuelewa wewe si mtoto tena kwa hii kazi, ni sifuri.

Kwa Arduino kuna amri inaitwa pulseIn. Ndiyo inapima ule muda wa Echo. Watu huiwekea kikomo, tuseme maikrosekunde 25,000, ili roboti isisimame ikingoja mwangwi ambao hauji. Sawa kabisa. Lakini muda ukiisha bila jibu, pulseIn inarudisha 0. Gawa 0 kwa 58, unapata 0. Halafu mstari unaofuata kwa karibu kila programu iliyonakiliwa unasema: umbali ukiwa chini ya 20, rudi nyuma.

0 ni chini ya 20.

Kwa hivyo peleka hiyo roboti katikati ya uwanja wa mpira, mahali hakuna kitu, hata panya hakuna. Itarudi nyuma. Itarudi nyuma tena. Roboti inakimbia hewa! Sensa ilisema "sijasikia kitu," programu ikaelewa "kuna ukuta puani mwako." Hizo ni sentensi mbili tofauti kabisa na zote zimeandikwa kwa namba moja.

Seti ya kabatini haikuonyeshi hilo. Mtu fulani kwa ofisi yenye hewa baridi alishatatua, akafunga kwa plastiki, akakuuzia. Alijifunza yeye. Wewe ulilipa ili usijifunze.

Najua mtaniambia nini. "Si ununue tu sensa nzuri." Haya, tununue. Kuna VL53L0X, sensa ndogo ya leza ambayo inapima muda wa mwanga badala ya sauti, na inafika karibu mita mbili. Ni safi, na pazia inaliona. Naipenda. Sasa iweke mbele ya mlango wa kioo. Mwanga mwingi unapita kwa kioo kama haupo, na leza yako ghali inakuambia njia iko wazi. Ile ya mia mbili inauona huo mlango, kwa sababu sauti hurudi ikigonga kioo. Ama chukua zile sensa za infraredi za bei ya chini kabisa, zenye taa mbili ndogo na kitufe cha kuzungusha na bisibisi. Kiti cheusi kinameza mwanga wake, na ukitoka nje saa sita mchana jua linaipofusha kabisa.

Hakuna sensa inayosema ukweli wote. Kila moja ina kitu haioni. Tofauti ya bei ni tofauti ya uongo, si kuisha kwa uongo. Anayejua hilo ataweka sauti na mwanga pamoja, moja imshikie mwenzake. Asiyejua atauza shamba anunue leza, halafu agonge mlango wa benki.

Na hii habari ya kusema sensa rahisi ni mchezo wa watoto, tafadhali someni historia. Mwaka 1948 na 1949 huko Bristol, Uingereza, mwanasayansi anaitwa Grey Walter alitengeneza kobe wawili wa kielektroniki, akawaita Elmer na Elsie. Walikuwa na valvu mbili za redio kila mmoja, jicho moja la kuona mwanga, na ganda lililokuwa likiguswa linafunga swichi. Basi. Hakuna kompyuta. Wakigonga kitu wanayumba, wanasukuma, wanageuka, wanaendelea. Hiyo ni kukwepa vizuizi zaidi ya miaka sabini iliyopita, kwa vipande ambavyo leo fundi wa redio angekupatia kwa mfuko wa karatasi.

Mwaka 1978 Polaroid walitoa kamera ya SX-70 Sonar, iliyopima umbali kwa sauti ili picha itoke vizuri. Unajua nani walifurahia? Watu wa roboti. Miaka ya themanini, maabara za vyuo vikuu zilikuwa zinatumia ile sensa ya kamera ya Polaroid kwa roboti zao. Wasomi wakubwa, kifaa cha kamera ya kupiga picha za harusi. Hawakungoja mtu awatengenezee sensa ya roboti.

Halafu mwaka 2002 kampuni ya iRobot ya Marekani ikatoa Roomba, ile ya kufagia nyumba. Zile za kwanza hazikuwa na kamera, hazikuwa na ramani. Zilikuwa na bampa mbele ya kuhisi zimegonga, na sensa za infraredi za kuhisi ngazi zisianguke. Zikauzwa kwa mamilioni. Kwa hivyo ukiniambia roboti ya kugonga na kugeuka si roboti, hauongei na mimi. Unaongea na hiyo historia yote.

Sisi wenyewe tunaijua hii roho. Nani hapa hakuona gari la waya, magurudumu ya patapata iliyokatwa, usukani mrefu mpaka kifuani? Hakuna mtoto aliyengoja seti. Hakuna aliyeuliza kama waya imeidhinishwa. Tulipofika sekondari ndipo mtu akatuambia ufundi ni kitu kinakuja na cheti na sanduku, na tukaamini. Gari la waya likipewa mota mbili na sensa moja, linakuwa roboti. Hiyo ndiyo umbali kati ya mtaa na maabara, na ni mfupi kuliko mnavyodhani.

Sasa niwageukie wale wa kunakili. Maana kuna kundi lingine limenunua hizo vipande, limeunganisha, limechukua msimbo mtandaoni, limepiga video, limeandika "nimeunda roboti." Manze, umeunda waya. Na sasa hata kunakili kumekuwa rahisi, unaiambia akili bandia ikuandikie programu na inaandika vizuri, pengine kuliko wengi wetu. Sina shida na hiyo. Shida yangu ni kwamba akili bandia haioni pazia la mama yako. Haijui mota yako ya kushoto ni mvivu. Itakupa dawa ukiitajia ugonjwa, lakini ugonjwa lazima uuone wewe, ukiwa umepiga magoti sakafuni na daftari.

Nipeane mfano na namba. Umepima mara tano, ukapata 23, 24, 180, 22, 24. Ile 180 ni uongo, mwangwi mmoja umepotea. Ukichukua wastani unapata 54.6. Programu inasema hakuna shida, twende. Ukuta uko sentimita 24. Bam! Lakini ukizipanga kuanzia ndogo, 22, 23, 24, 24, 180, ukachukua ile ya katikati, unapata 24. Uongo mmoja hauwezi kuhamisha namba ya kati. Hiyo ni hesabu ya takwimu ambayo ulifunzwa ukauliza "hii itanisaidia wapi maishani." Hapa. Inakusaidia hapa.

Lakini bado hujamaliza, kwa sababu kila dawa ina bei. Hii sensa inashauriwa ipumzike kama milisekunde 60 kati ya kipimo na kipimo, ndiyo mwangwi wa zamani usichanganyike na mpya. Vipimo vitano ni milisekunde 300. Roboti ikitembea sentimita 50 kwa sekunde, imesonga sentimita 15 kabla ijue chochote. Na uliiambia isimame ikiwa 20. Zimebaki 5, na mota hazisimami papo hapo. Kwa hivyo utachagua: upime mara tatu badala ya tano, upunguze mwendo, ama useme isimame kwenye 40. Hakuna jibu la kitabu. Kuchagua huko, ukijua unapoteza nini ili upate nini, ndiko kunaitwa uhandisi. Kila kitu kingine ni kuunganisha plagi.

Na sijagusa umeme. Kwamba betri ndogo ya volti 9, ile ya mraba, inakufa ikiombwa izungushe mota, halafu watu wanalaumu sensa. Kwamba ardhi ya betri na ardhi ya bodi lazima ziungane, la sivyo vipimo vinacheza disko. Kwamba Echo inatoa volti 5 na ESP32 inataka 3.3, kwa hivyo unaweka resista mbili, ya kilo-omu 1 na ya kilo-omu 2, zigawane, na bodi yako inapona. Shilingi chache za resista zinaokoa bodi ya mamia. Nani kwa ile shule yenye kabati anajua hilo?

Nitafuna pia watu wangu, watengenezaji wa video. Sisi tumeharibu hii kitu. Tunafungua maboksi. Tunaonyesha roboti ikikwepa katoni moja nyeupe, imewekwa wima, mbele kabisa, chumba hakina samani. Katoni ngumu iliyonyooka ndicho kizuizi rahisi kuliko vyote kwa sensa ya sauti. Ni kama kipa kujisifu ameshika penalti ya mtoto wa nasari. Na waamuzi wa mashindano mengine wanapeana alama kwa taa na rangi. Mimi nataka mashindano ambapo uwanja una pazia, kipande cha ubao kilichokaa mshazari, kiti cheusi, mguu wa stuli na mlango wa kioo, halafu kila timu iseme kabla ya kuanza roboti yao itashindwa wapi. Anayejua mapema atashindwa wapi apewe alama nyingi kuliko aliyepita kwa bahati.

Sasa pesa, kama nilivyoahidi. Ukizunguka vizuri na usiogope kuuliza bei maduka matatu, sensa, bodi ya aina ya Arduino, kiendesha-mota, mota mbili za manjano na betri zinaweza kukaa karibu elfu tatu. Bei hupanda na kushuka. Na elfu tatu si pesa ya kutupa. Kuna nyumba hiyo ni chakula cha wiki, na sitaki kuwa yule mtu wa mtandaoni anayesema "ni elfu tatu tu." Ndiyo maana hasira yangu iko kwa wanaonunua seti, si kwa mwanafunzi. Tuseme shule imetumia elfu sitini kwa seti moja. Hiyo pesa ingetoa roboti 20 za elfu tatu. Darasa la 40 lingekaa wawili wawili, kila wawili na yao. Ikichomeka sensa moja, mmepoteza mia mbili, si heshima ya mwalimu. Hakuna haja ya kufuli kwa kitu cha mia mbili. Hicho ndicho kinanifurahisha kuliko yote: ubora wa kwanza wa kifaa rahisi ni kwamba unaruhusiwa kukiharibu.

Na tusiseme hii ni michezo. Sensa hiyo hiyo ndiyo watu huweka kwa fimbo ya mtu asiyeona, ili imwonye kuhusu vitu ambavyo fimbo ya kawaida haigusi, vile vya kifuani na usoni. Fikiria barabara zetu: bango la kibanda limening'inia, mbao zimechomoza nyuma ya mkokoteni, mlango wa lori uko wazi. Halafu fikiria aliyetengeneza hiyo fimbo alinakili msimbo, na "sijasikia kitu" yake inatafsiriwa "njia iko wazi." Hapo hakuna roboti inayorudi nyuma kwa ucheshi. Hapo kuna paji la uso la mzee wa watu.

Na inaenda mbali kuliko roboti. Kila siku kuna mashine inakuhukumu kwa namba. Ukifungua programu ya mkopo ikuonyeshe 0, inasema hufai, ama inasema haikujui? Ni sentensi mbili tofauti, namba moja. Mtu aliyewahi kuona roboti ikikimbia hewa hawezi tena kuangalia sifuri bila kuuliza imetoka wapi. Nataka kizazi chetu chote kiwe na huo ugonjwa wa kuuliza.

Kwa hivyo walimu, fungueni kabati. Mkiogopa seti itavunjika, iacheni hapo iwe pambo, lakini nunueni sensa 20 za mia mbili mzimwage mezani. Wazazi, kijana akifungua redio iliyokufa, muache, ila betri za laptopu zilizotumika mkatazeni kuzichezea peke yake, hizo zikishika moto hazizimwi na maji ya kombe. Na wewe unayesoma hii ukiwa kwa matatu, huhitaji hata roboti kuanza. Sensa moja, bodi moja, waya nne. Ielekeze kwa ukuta, andika vipimo 20. Ielekeze kwa pazia, andika 20. Igeuze mshazari, andika 20. Weka hizo safu tatu kando kando uziangalie.

Kama zote zinafanana, umekosea kuunganisha, rudia. Kama zinatofautiana, karibu. Umeanza kazi ambayo ile roboti ya kabatini haijawahi kumfunza mtu yeyote.